Ghala la Sukari Liko Mapajani

Kwa miaka mingi mkaa wa Kisarawe uliingia Dar es Salaam kwa baiskeli. Magunia yalifungwa kwa mipira juu ya keria hadi yakampita mwendeshaji kimo, na safari ikaanza alfajiri kupitia vilima vya Pugu. Penye tambarare aliendesha. Mlima ulipokaza alishuka akasukuma, kifua kimeinamia usukani. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na hakuna sababu ya kuililia. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo kwa ujira mdogo, na gharama yake nyingine ililipwa na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Hata hivyo, ndani yake mlikuwa na jambo ambalo wengi wetu hatuliwazi tunapozungumzia kisukari. Miguu ya mwendeshaji yule ilikuwa ikitoa sukari kwenye damu na kuichoma, saa baada ya saa, bila kusubiri amri ya kongosho.

Mazungumzo yetu kuhusu kisukari huanzia mdomoni na kuishia mdomoni: punguza sukari kwenye chai, acha soda, usile wali usiku. Ushauri huo una maana yake, lakini ni nusu ya habari. Kiwango cha sukari katika damu ni matokeo ya mambo mawili, kinachoingia na kinachotoka, na kinachotoka hupitia kwa sehemu kubwa katika misuli. Hoja ya makala hii ni kwamba misuli inayofanya kazi ni kinga ambayo jamii zetu zilikuwa nayo bila kuijua, na kwamba sasa zinaipoteza bila kujua pia. Mkoa wa Pwani unalionyesha hilo vizuri. Kibaha, iliyo kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, imekuwa mji wa viwanda, ofisi na nyumba za watu wanaofanya kazi jijini. Kisarawe, ng'ambo ya Pugu, bado ina vijiji vya mihogo, mikorosho na machungwa, ingawa jiji linaisogelea mwaka hadi mwaka. Ndani ya mkoa mmoja, maisha ya jembe na maisha ya kiti yanaishi jirani.

Kijiko kimoja cha chai

Tuanze na hesabu. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Kabla hajafungua kinywa asubuhi, glukosi, yaani ile sukari inayosafiri ndani ya damu yote hiyo, ni gramu 4 au 5 hivi, sawa na kijiko kimoja cha chai. Sasa fikiria sahani ya kawaida ya ugali. Wanga wake ukishameng'enywa tumboni na utumboni, unaweza kutoa gramu 80 za glukosi au zaidi. Kwa hiyo katika saa mbili au tatu baada ya mlo, mwili unapokea sukari mara kumi na tano au zaidi ya ile iliyokuwemo kwenye damu, na bado kwa mtu mwenye afya kipimo hupanda kidogo tu kisha kikashuka. Sukari hiyo yote inakwenda wapi? Ubongo huchukua fungu lake, kama gramu 120 kwa siku, lakini hauna pa kuweka akiba. Ini huhifadhi kiasi cha gramu 100. Ghala kubwa kuliko yote ni misuli, ambayo kwa mtu mzima inaweza kubeba gramu 400 na zaidi, na misuli mikubwa kabisa mwilini iko mapajani na matakoni.

Glukosi haipenyi tu kuingia kwenye seli ya msuli. Inahitaji mlango, na mlango huo ni protini ambayo wanasayansi waliitambua mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuipa jina la GLUT4. Msuli ukiwa umepumzika na mtu hajala, nyingi ya protini hizo hukaa ndani ya seli, zimefungiwa katika vifuko vidogo, mbali na ukuta. Mtu akila, kongosho hutoa insulini. Insulini hunasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli, na ndani taarifa hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka vifuko vile visogee ukutani na kuitokeza milango yake. Hapo glukosi huingia. Katika vipimo vya hospitali ambapo insulini na glukosi humiminwa pamoja kwenye mshipa, misuli imeonekana kuchukua hadi asilimia 80 ya sukari inayoondoka kwenye damu. Baada ya mlo wa kawaida fungu hilo ni dogo zaidi, kwa kuwa ini nalo linachota, lakini misuli hubaki miongoni mwa wapokeaji wakuu.

Mara tu glukosi inapoingia, kimeng'enya kimoja huibandika fosfeti, na ikishabandikwa haiwezi tena kutoka. Ini lina kimeng'enya cha kuibandua, ndiyo maana linaweza kurudisha sukari kwenye damu usiku tunapolala. Msuli hauna kimeng'enya hicho. Sukari iliyoingia pajani ni ya paja: ama itachomwa hapo hapo, ama itaunganishwa na nyenzake kuwa glikojeni, yaani wanga wa mwilini, na kusubiri siku ya kazi. Jambo hili dogo la kikemia lina uzito mkubwa katika hoja yetu. Kwa vile ghala la msuli halirudishi glukosi kwenye damu, njia ya kulipunguza ni kuutumia msuli wenyewe. Asiyeutumia ana ghala lililojaa, na ghala lililojaa halina haraka ya kupokea mzigo mwingine.

Mlango usiosubiri insulini

Hadi hapa ingeonekana kwamba kila kitu kiko mikononi mwa insulini, na kwamba mtu ambaye insulini yake imedhoofika hana la kufanya ila dawa. Lakini tangu zamani kulikuwa na ushahidi wa njia ya pili. Mwaka 1887, miongo zaidi ya mitatu kabla insulini haijagunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, Mfaransa Auguste Chauveau na mwenzake Kaufmann walipima damu inayoingia na inayotoka kwenye msuli wa taya la farasi. Farasi alipotulia, msuli ulichukua sukari kidogo. Alipoanza kutafuna, msuli ule ule ukachukua sukari maradufu na zaidi. Taya lilipofanya kazi, lilijitwalia.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1984, watafiti wa Copenhagen nchini Denmark, Ploug, Galbo na Richter, waliitenga hoja hiyo kabisa. Walichukua misuli ya panya wasio na insulini, wakaifanya ijikunje kwa umeme, na wakaona glukosi inaingia vizuri tu. Leo tunajua sababu zake kwa sehemu. Msuli unapojikunja, kalsiamu humwagika ndani ya seli, nyuzi huvutana, na nishati iliyokuwepo huanza kupungua. Kupungua huko huamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho ni kama mlinzi wa akiba ya nishati. Ishara hizo kwa pamoja huisogeza ile milango ya GLUT4 hadi ukutani. Wakati huo huo mishipa midogo ya damu ndani ya msuli hufunguka, damu inayoufikia huongezeka mara nyingi, na sukari inayopita karibu na milango huongezeka nayo.

Hapa ndipo tumaini lilipo kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wengi. Tatizo lake kubwa la mwanzo ni kwamba misuli na ini vimekuwa vizito kuisikia insulini. Kongosho linatoa, lakini milango inafunguka kivivu. Njia ya kujikunja kwa msuli haipiti pale palipoziba. Watu wenye kisukari cha aina hii wamepimwa wakiendesha baiskeli za maabara, na milango yao ya GLUT4 imeonekana kusogea ukutani kama ya watu wasio na ugonjwa. Mwili wao haujapoteza uwezo wa kutumia sukari. Umepoteza usikivu wa amri moja, na amri nyingine bado inafanya kazi.

Baiskeli moja, watu wawili

Msuli huifanyia nini sukari hiyo? Nishati ya kila mkunjo hutoka kwenye molekuli iitwayo ATP, ambayo akiba yake ndani ya seli haifiki hata sekunde chache za kazi nzito. Ni lazima itengenezwe upya papo hapo. Glukosi ikivunjwa harakaharaka bila oksijeni hutoa ATP 2. Ikiendelea hadi kwenye mitokondria na kuchomwa kwa oksijeni hutoa ATP 30 hivi. Kwa mwendo wa taratibu msuli huchanganya sukari na mafuta, na mafuta yakawa na sehemu kubwa. Kasi ikipanda, sukari hushika usukani, kwa sababu mafuta hayachomeki haraka kiasi hicho. Filbert Bayi, ambaye shule zinazobeba jina lake ziko Mkuza, Kibaha, alipokimbia mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia, alitangulia tangu mwanzo wa mbio. Mbio za namna hiyo huendeshwa karibu zote na glikojeni iliyolala ndani ya misuli yenyewe. Laktati inayozalishwa katika mwendo huo nayo haipotei. Moyo huila, misuli mingine huichoma, na ini huigeuza kuwa glukosi tena, mzunguko ambao Carl na Gerty Cori, washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1947, waliueleza.

Jaribio lililoonyesha kwa uwazi zaidi nguvu ya kazi juu ya ghala la sukari lilifanyika Sweden mwaka 1966, nalo lilitumia baiskeli moja. Madaktari Jonas Bergström na Eric Hultman walijifanya wenyewe kuwa wapimwaji. Mmoja alikaa upande huu wa baiskeli ya maabara na mwingine upande ule, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu, mguu wa pili umepumzika. Walikanyaga hadi nguvu zikawaishia. Kisha kwa sindano maalumu ilichukuliwa nyama kidogo kutoka kila paja. Mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu mtupu, glikojeni imekwisha. Mguu uliopumzika ulikuwa na akiba yake. Baada ya hapo walikula chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu, na nyama ikachukuliwa tena. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umejaza ghala hadi mara mbili ya mwenzake. Mtu yule yule, damu ile ile, insulini ile ile, chakula kile kile. Kilichotofautisha mguu na mguu ni kazi.

Ni vigumu kupata ushahidi safi kuliko huo. Tunapomlinganisha mkulima wa Maneromango, Kisarawe, na karani wa Kibaha, mtu anaweza kusema tofauti ni ya chakula, ya ukoo, ya umri au ya mawazo. Ndani ya mwili mmoja visingizio hivyo vyote huanguka. Tafiti za baadaye za Copenhagen ziliongeza kwamba saa kadhaa baada ya mguu mmoja kufanya kazi, mguu huo huisikia insulini vizuri zaidi kuliko mwenzake. Kwa jumla athari hiyo hudumu siku moja hadi mbili, kisha hufifia. Kwa hiyo kazi hunufaisha mara mbili: wakati wa kuifanya, milango hufunguka bila insulini, na baada ya kuifanya, milango huitika insulini kwa wepesi. Inafaa kukumbuka kwamba Kibaha yenyewe ilipata sura yake ya kisasa kwa ushirikiano na nchi hizo hizo za kaskazini mwa Ulaya. Kituo kilichofunguliwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki ndicho kilichozaa Shirika la Elimu Kibaha, pamoja na shule zake na huduma za afya za Tumbi. Maarifa ya Skandinavia yalishafika Kibaha katika elimu, kilimo na tiba. Haya ya misuli nayo yanastahili kufika hadi kila nyumba.

Ghala likijaa

Kinyume cha kazi nacho kimepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Copenhagen walichapisha matokeo ya vijana wenye afya waliozoea kutembea hatua kama 10,000 kwa siku, wakaombwa wapunguze hadi kiasi cha 1,350 kwa wiki mbili: wapande lifti, wapande gari, wakae. Katika siku hizo 14 tu, uwezo wa miili yao kuitika insulini ulishuka kwa asilimia 17 hivi. Hawa hawakuwa wazee wala wanene. Walichofanya ni kuishi kwa muda maisha ambayo wengi wa wafanyakazi wa ofisini wanaishi mwaka mzima. Msuli usiotumika hubaki na ghala lililojaa, mitokondria yake hupungua, na mafuta huanza kujipenyeza ndani ya seli zake na kuvuruga taarifa ya insulini. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi. Kwa baadhi ya watu hulimudu zoezi hilo maisha yote. Kwa wengine huchoka, na siku hiyo kipimo cha asubuhi kinavuka milimoli 7 kwa lita, mtu anaambiwa ana kisukari, naye anadhani ugonjwa umeanza jana.

Tanzania ina bahati ya kuwa na kumbukumbu za mabadiliko hayo. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwemo Andrew Swai, walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita nchini. Wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Mwaka 2000 yakatoka matokeo ya kulinganisha watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa Shari, kijiji cha Kilimanjaro: mjini ugonjwa ulikuwa karibu asilimia 6, kijijini kati ya 1 na 2. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ukaonyesha kiwango cha juu cha sukari kwa asilimia 9.1. Umri wa waliopimwa na njia za kupima vilitofautiana, hivyo tarakimu hizo zisisomwe kama ngazi za jengo moja, lakini mwelekeo wake hauna ubishi.

Lenye kufundisha zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ambao uliwafuata watu kutoka vijiji vya Morogoro waliohamia Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuondoka, kisha wakapimwa tena mjini. Katika mwaka mmoja uzito wao uliongezeka kwa wastani wa kilo 2 na ushei, na wanaume waliokuwa wakifanya kazi za nguvu walishuka kutoka karibu wanane katika kila kumi hadi chini ya watatu. Hakuna aliyebadilisha ukoo wake ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni siku yenyewe: jembe likabaki kijijini, kinu kikapokewa na mashine, miguu ikapokewa na daladala. Na kwa kuwa kunenepa kwa aliyehamia mjini tunakusifia kuwa ni dalili ya kuyapata maisha, hakuna wa kumshtua.

Yanayopingwa na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni la chakula. Kwa nini tuhangaike na misuli wakati ugali, chapati na soda ndivyo vinavyoleta sukari? Chakula kina uzito wake, na soda haina mtetezi hapa. Lakini tuwatazame Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Asali, pamoja na mizizi na ubuyu, ni sehemu kubwa ya chakula chao katika baadhi ya misimu, na asali kwa sehemu kubwa ni sukari. Watafiti walipowavalisha vifaa vya kupima mwendo, walikuta wanafanya zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli za kutoa jasho, na afya ya mioyo na mishipa yao ni ya kutamanika hata uzeeni. Maisha yao yana tofauti nyingine nyingi na yetu, hivyo asali yao si kibali cha kunywa chai ya vijiko vitano. Wanachotuonyesha ni kwamba wanga ule ule una hatima mbili, kutegemea hali ya msuli unaoupokea. Mihogo ya Kisarawe ililiwa na mababu walioilima kwa jembe na kuitwanga kwa mchi. Sisi tumebaki na mihogo, tumeacha jembe na mchi, kisha tunailaumu mihogo.

Pingamizi la pili lina ukali wa haki: je, hii si kuusifu umaskini? Mwanamke wa kijijini anayebeba ndoo na kuni hahitaji kuambiwa na mwandishi kwamba kazi yake ni dawa. Kweli, na hakuna linalosemwa hapa linalomtaka mtu arudi kwenye mzigo. Kazi isiyo na mapumziko wala chakula cha kutosha huuchosha mwili na kuuzeesha. Maji ya bomba, mashine ya kusaga na pikipiki ni maendeleo na yaje zaidi. Linalosemwa ni kwamba vitu hivyo vilipoondoa adha viliondoa pamoja nayo kitu cha thamani, na kitu hicho hakirudi chenyewe. Nchi za Nordiki zilipitia njia hiyo kabla yetu. Finland mwaka 2001 ilichapisha matokeo ya watu 522 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliosaidiwa kubadili mlo, kupunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi walipata ugonjwa kwa asilimia 58 chini ya wenzao. Mazoezi hayakuwa peke yake katika ushindi huo, lakini bila hayo mpango usingekuwa ulivyokuwa.

Pingamizi la tatu ni la mfano hai: wako wakulima wenye kisukari, wako wanamichezo wenye kisukari. Wako kweli. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea kongosho linapoacha kutengeneza insulini, na hakuna kutembea kutakakoirudisha. Urithi, umri na lishe duni ya utotoni navyo vina sehemu yake. Misuli hupunguza hatari, haiifuti, kama chandarua kisivyoimaliza malaria ya wilaya nzima na bado hakuna mwenye akili anayekitupa. Na mgonjwa asije akaacha dawa kwa kusoma makala hii. Insulini kwa anayeihitaji ni uhai. Tena anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi ajue kwamba kazi nzito inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, kwa sababu milango ya msuli na dawa vinavuta pamoja. Ajadiliane na mtoa huduma wake, apime, abebe kitu chenye sukari mfukoni, na avae viatu vinavyomlinda dhidi ya vidonda.

Kutoka Jumamosi ya pili hadi kila siku

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Lilikuwa wazo jema, na liliwatoa viongozi na wananchi barabarani. Lakini sasa tunaweza kulipima kwa kipimo cha msuli wenyewe. Ikiwa athari ya kazi juu ya usikivu wa insulini hufifia ndani ya siku mbili, basi Jumamosi moja kwa mwezi huuacha mwili bila kinga kwa siku nyingi kuliko zile inazoukinga. Msuli haukusanyi sifa za mwezi uliopita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, na ukiitazama biolojia utaona kwamba kuzigawa wiki nzima, bila kuruka siku mbili mfululizo, ndiyo busara.

Wakati wa kufanya nao una maana. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili maagizo mawili kwa zamu: kutembea dakika 30 wakati wowote, au dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Walipotembea baada ya mlo walipata sukari ya chini zaidi, hasa baada ya chakula cha jioni. Ukikumbuka ile sahani ya ugali utaona kwa nini: sukari ndiyo inaingia, na vigimbi na mapaja yamekwishafungua milango. Ushauri huu hauhitaji kiingilio cha jimu. Mzee asiyeweza kutembea mbali anaweza kunyanyuka kwenye kiti na kuketi tena mara kadhaa kila baada ya muda, kwa kuwa misuli mikubwa ndiyo inayofanya kazi hiyo. Karani anaweza kusimama na kuzunguka dakika mbili katika kila nusu saa. Kimeng'enya cha msuli hakijui kama unapanda ngazi za ofisi au kilima cha shambani.

Lakini kuliacha jambo hili kwa utashi wa mtu mmoja mmoja ni kumtwisha mzigo ambao mababu hawakuubeba. Wao hawakuwa na nidhamu kuliko sisi. Siku yao ilipangwa kwa namna ambayo kutofanya kazi hakukuwezekana. Kwa hiyo swali la kweli ni nani anayeipanga siku ya mtu wa leo. Anayepima viwanja Kibaha na Kisarawe anaamua kama mtoto atafika shule kwa miguu salama au atapakiwa kwenye bodaboda. Anayejenga barabara anaamua kama pembeni yake kutakuwa na njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, na mti wa kivuli. Mwalimu mkuu anayekifuta kipindi cha michezo ili kupata kipindi cha masomo ya ziada anaamua jambo kuhusu kongosho la wanafunzi wake miaka 30 ijayo. Mwenye kiwanda anaamua kama mfanyakazi atakaa saa nane bila kunyanyuka. Kila mmoja wao anagusa afya ya watu kama anavyoigusa daktari wa Tumbi, na mapema kuliko yeye.

Kibaha na Kisarawe bado zina nafasi ambayo Dar es Salaam imekwisha kuipoteza: ardhi haijajaa, viwanja vya wazi vipo, na kizazi kinacholima bado kinaishi na kizazi cha ofisini. Dawa za kisukari, vipimo vyake, miguu iliyooza na figo zilizokufa ni gharama ambazo familia nyingi haziwezi kuzibeba, na serikali hali kadhalika. Njia ya miguu na uwanja wa shule ni rahisi kuliko vyote hivyo. Vinahitaji kuamuliwa sasa, wakati michoro ya mji bado inaweza kubadilishwa kwa penseli.